SUKARI KATIKA DAMU HUCHELEWESHA MOYO KUPONA

Mkulima akipatwa na shambulio la moyo, akalazwa hospitali, kisha akarudi nyumbani, majirani husema, "Amepona." Kumbe kazi ya kupona ndiyo kwanza inaanza. Na kama mtu huyo ana ugonjwa wa sukari, kazi hiyo ni nzito zaidi. Yafaa kila mkulima ajue sababu yake.

Moyo ni msuli. Nao una mishipa yake ya kuulisha, kama vile mifereji inavyolisha mashamba ya mpunga kule Mwea. Damu ikiganda na kuziba mshipa mmoja, sehemu ya msuli hukosa damu, ikafa. Baada ya majuma kadha sehemu hiyo huwa kovu, na msuli uliobaki hubeba kazi yote.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa mikubwa na midogo. Madaktari waweza kuuzibua mfereji mkubwa, lakini vifereji vidogo vikiwa vimeharibika, msuli hupata chakula haba. Ndiyo maana wenye sukari huwa katika hatari zaidi ya udhaifu wa moyo, yaani miguu kuvimba na kukosa pumzi, na pia ya shambulio la pili.

Tena sukari hudhuru mishipa ya fahamu, hata mtu aweza kushambuliwa bila kusikia maumivu kifuani. Basi asingoje maumivu. Akitokwa na jasho jingi ghafula, akasikia kichefuchefu, au akakosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Wengine hujua kwamba wana sukari siku ile wanapolazwa kwa ajili ya moyo. Kwa hiyo kila aliyeugua moyo na apimwe. Ugonjwa wenyewe huweza kupandisha sukari kwa siku chache, basi apimwe tena baadaye. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikirudia hivyo, huo ni ugonjwa wa sukari.

Mgonjwa na afuate haya:

1. Usiache dawa za sukari wala za moyo kwa kuwa wajisikia vizuri.

2. Ukiisha kutumia dawa ya sukari, usiende shambani na njaa. Sukari ikishuka chini ya 4, mwili hutetemeka na moyo huenda mbio. Hapo kunywa maji yenye sukari upesi.

3. Anza kwa kutembea polepole. Jembe lingoje ruhusa ya daktari.

4. Punguza ugali na viazi, ongeza mboga za majani. Chai na inywewe bila sukari. Tumbaku iache kabisa.

Mfugaji hodari huandika maziwa ya kila ng'ombe kitabuni, naye hutambua mapema yakianza kupungua. Wewe nawe andika vipimo vyako vya sukari vivyo hivyo, na kila uendapo kliniki uchukue kitabu hicho.