Majitaka na Uzazi wa Samaki (Sehemu ya Pili): Ziwa Lililokosa Makinda

Wiki iliyopita tulizitazama sumu zinazoua samaki kwa ghafla, ambazo hazijifichi kwa kuwa mizoga huelea. Leo tuitazame aina ya pili, ambayo naiona ya hatari zaidi: kemikali inayomwacha samaki hai lakini ikamnyima uzazi.

Ushahidi ulio wazi ulipatikana Ontario, Kanada, kwenye eneo la maziwa madogo yaliyotengwa kwa utafiti. Kuanzia 2001 hadi 2003, mtafiti Karen Kidd na wenzake walitia katika Ziwa 260 homoni ya etinilestradioli, ile iliyomo katika vidonge vingi vya majira. Walitia kidogo mno: nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, yaani kama gramu moja katika lita milioni 200 hivi. Viwango vya namna hiyo vimewahi kupimwa katika majitaka yaliyokwisha kusafishwa.

Ziwani humo aliishi kwa wingi samaki mdogo aitwaye fathead minnow, ambaye kwa samaki wakubwa wa pale alikuwa kama dagaa kwa sangara. Jike anapojiandaa kutaga, homoni ya estrojeni huliamuru ini lake litengeneze vitelojenini, protini inayojenga kiini cha yai. Ini la dume lina uwezo huohuo, ila kwa kawaida halipati amri. Safari hii lilipata, kwa kuwa etinilestradioli huiga estrojeni. Madume wakajaa protini ya mayai wasiyoweza kuyataga, figo zao zikadhurika, mbegu zao hazikukomaa ipasavyo, na baadhi yao wakakutwa na mayai ndani ya tezi za kiume.

Wazazi waliendelea kuogelea, lakini makinda yakaadimika. Samaki huyu huishi miaka michache tu, hivyo kukosa vizazi viwili kulitosha kumfikisha ukingoni mwa kutoweka. Hatimaye hata samaki wakubwa waliomtegemea kwa chakula walipungua.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya ziwa la majaribio pekee. Mwaka 1998, Susan Jobling, John Sumpter na wenzao walitangaza kwamba katika mito ya Uingereza madume wengi wa samaki aitwaye roach walikuwa na dalili za kike, hasa chini ya mitambo ya majitaka. Tena, sehemu kubwa ya estrojeni iliyomo katika majitaka hayo ni ya asili, itokayo katika mkojo wa binadamu, na kemikali za viwandani huongezea. Kwa hiyo si haki kumlaumu mama anayepanga uzazi. Wajibu ni wa wenye mitambo na wa serikali zinazoisimamia.

Dawa ipo. Homoni iliposimamishwa Ziwa 260, baada ya miaka michache samaki wale waliongezeka tena. Nayo Uswisi, kwa sheria iliyoanza kutumika 2016, inaiongezea mitambo yake ipatayo 100 hatua ya ozoni au kaboni amilifu ili kuchuja mabaki ya dawa na kemikali nyinginezo.

Basi maji yasihesabiwe kuwa salama kwa sababu tu hayana mizoga. Wakaguzi wavue pia makinda, wayahesabu mwaka hadi mwaka, na wayapime madume. Idadi ya makinda ikishuka, chanzo kitafutwe mara moja, wazazi wakiwa bado wapo.

Wiki ijayo: viuatilifu vya mashambani.