Siku ya Baridi Katika Jumba la Wafalme wa China

Baridi ya Beijing mwezi wa Januari haina mzaha. Tulipofika kwenye lango la kusini la jumba liitwalo Mji Uliokatazwa, pumzi zetu zilitoka kama mvuke wa chai, na maji yanayozunguka kuta yalikuwa yameganda. Faida yake ni kwamba wageni huwa wachache, nasi tukatazama kwa nafasi.

Jumba hili lilijengwa tangu mwaka 1406 hadi 1420, na wafalme 24 walitawala humo mpaka ufalme ulipokoma mwaka 1912. Lakini akina mama macho yetu hukimbilia mambo ya nyumbani. Uani kuna mapipa makubwa ya shaba. Zamani yalijazwa maji ya kuzimia moto, maana majengo ni ya mbao, na wakati wa baridi makaa yaliwashwa chini yake ili maji yasigande. Vyumba navyo vilipata joto kutoka chini: makaa yalichomwa nje, joto likapita katika njia za matofali chini ya sakafu, na moshi usiingie ndani. Nani hangetamani jiko la namna hiyo!

Katika ukumbi mkubwa wa kiti cha enzi hairuhusiwi kuingia. Tulichungulia mlangoni tu. Hapo ndipo Puyi, mfalme wa mwisho, alipotawazwa tarehe 2 Desemba 1908, siku ya baridi kali, akiwa hajatimiza miaka mitatu. Alilia kwa sauti akitaka kurudi nyumbani, na baba yake, aliyekuwa amemshika, akambembeleza kwamba mambo yatakwisha upesi.

Mama yake mzazi hakuja naye jumbani. Ilipita miaka kadhaa kabla ya kuonana tena. Aliyekuja naye ni mama mmoja mjane, Wang, aliyekuwa akimnyonyesha. Usiku ule walipomchukua mtoto kwao hakuna aliyeweza kumnyamazisha ila yeye, kwa titi lake.

Habari za mama huyu Puyi alizieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1964. Wang alikuwa na binti yake mchanga. Umaskini ulimlazimu kumwacha kwao akanyonyeshe wa wengine, ili mshahara uwalishe binti na wakwe zake, kwa sharti kwamba asiende kumwona. Binti akafa kwa kukosa matunzo. Wenye nyumba walijua, wakamficha mama, wasije wakaharibu maziwa kwa majonzi.

Alinyonyesha mpaka Puyi akawa na miaka minane. Kisha wakubwa wa jumba wakamwondoa, na Puyi akamlilia. Aliporudi kwao ndipo alipopata habari za mwanawe.

Baada ya Puyi kuoa, mwaka 1922, alikuwa akimwita jumbani akae siku chache.

Tulizunguka mpaka jioni. Tuliona saa za dhahabu, mavazi ya hariri, na vyombo vya udongo visivyo na idadi. Kitu cha mama Wang hatukukiona.