Pesa au mapenzi: Mwanasoka hukimbilia nini?

Nenda Jumapili jioni katika ukumbi wowote wa kutazamia mpira mjini Kitengela, keti kwenye benchi, usubiri mchezaji ghali akose bao la wazi. Hutakaa sana kabla ya kusikia mtu akifoka nyuma yako: “Hawa wa siku hizi wanacheza kwa sababu ya pesa tu!” Mwingine atamjibu kwamba hakuna binadamu awezaye kukimbia dakika 90 kwa kasi ile ikiwa haupendi mpira. Ubishi utapamba moto, na kipenga cha mwisho kitalia kabla haujaisha.

Je, wewe msomaji uko upande gani? Usiharakishe kujibu. Swali hili si la mashabiki peke yao. Kati ya Kitengela na Kajiado kuna nyumba ambamo mwana wa kidato cha tatu amekuja na habari kwamba timu fulani inamtaka, na wazazi hawajui wakubali au wakatae. Baba anauliza mpira utamlisha nani. Mama anaona jinsi kijana anavyoamka alfajiri kufanya mazoezi bila kuamshwa. Kila mmoja ameshika nusu ya jibu.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Mfugaji wa Kajiado huwajua ng’ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe na kwa uzao. Ukame ukija huwaswaga mwendo wa siku nyingi kutafuta malisho, mwenyewe akilala njaa. Lakini karo ya shule ikihitajika, mfugaji huyo huyo huchagua fahali mmoja akampeleka mnadani Bissil. Je, utamwambia kwamba hawapendi ng’ombe wake kwa kuwa ameuza mmoja? Au utamwambia kwamba, kwa kuwa anawapenda sana, awatoe bure? Hakuna atakayethubutu kusema hivyo mbele yake. Lakini mwanasoka tunamwambia hivyo kila wiki.

Zama za “Kadenge na mpira”

Wazee wetu hupenda kusema kwamba wachezaji wa zamani walicheza kwa mapenzi. Watakutajia Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019, ambaye jina lake lilivuma redioni hadi maneno “Kadenge na mpira” yakawa msemo wa nchi nzima. Ni kweli kwamba enzi hizo soka yetu ilikuwa ya ridhaa, yaani mchezaji hakuwa na mkataba wala mshahara wa mpira. Kadenge alijaza viwanja, lakini viwanja havikumtajirisha.

Watakutajia pia Gor Mahia ya mwaka 1987, iliyotoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha 1-1 hapa Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo husahaulika katika sifa hizo. Siku hizo mashirika mengi yalikuwa na timu zake: benki, reli, posta, bandari na kampuni ya bia. Kijana aliyejua mpira alipata ajira. Asubuhi alikuwa karani au fundi, jioni alikuwa mazoezini. Mpaka leo wachezaji wa Ulinzi Stars, timu iliyoundwa mwaka 1995 na kutwaa ubingwa wa ligi mara nne, ni wanajeshi. Kwa hivyo tunaposema kwamba wa zamani hawakujali pesa, tukumbuke kwamba ugali wa wengi wao ulikuwa umeshapikwa jikoni kwingine.

Mfadhili anapofunga virago

Sasa tazama hali inavyokuwa mchezaji anapoachwa na mapenzi matupu. Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa iliondoa udhamini wake katika soka ya Kenya baada ya kutofautiana na serikali kuhusu leseni na kodi. Mishahara ikakwama. Kocha Andre Casa Mbungo aliondoka AFC Leopards mwezi Desemba kwa sababu hakuwa analipwa. Sony Sugar, mabingwa wa mwaka 2006, walitimuliwa ligini msimu huo baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu kwa ukosefu wa pesa.

Jiulize, je, wachezaji wa timu hizo waliacha kuupenda mpira usiku mmoja? La hasha! Walichokosa ni nauli ya kwenda mazoezini, kodi ya nyumba na chakula cha kumwezesha mtu kukimbia. Mapenzi humfikisha mchezaji uwanjani. Hayamlipii matatu ya kurudi nyumbani.

Jambo hili si la Kenya pekee. Mwaka 1974 jirani zetu wa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Huko Ujerumani Magharibi walifungwa na Yugoslavia mabao 9-0, na dunia ikawacheka. Miaka mingi baadaye wachezaji walieleza kwamba kabla ya mechi ile waligundua kuwa hawangelipwa, kwani pesa zao zilikuwa zimepotelea mikononi mwa maofisa, nao wakavunjika moyo kiasi cha kutotaka kuingia uwanjani. Mwaka 2014 nchini Brazil, serikali ya Ghana ililazimika kutuma ndege yenye zaidi ya dola milioni 3 taslimu ili wachezaji wake wakubali kuendelea. Walikuwa wamechoka kusikia ahadi.

Pesa hazifungi mabao

Lakini usidhani basi kwamba pesa ndizo kila kitu. Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, Rais William Ruto aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars Sh1 milioni kila mmoja kwa kila ushindi. Hawa walikuwa vijana wa ligi yetu ya nyumbani, ambao wengi wao hawajawahi kushika pesa kama hizo. Wakawapiga DR Congo 1-0, wakatoka sare na Angola, wakawalaza Morocco 1-0 licha ya kubaki wachezaji 10, kisha wakawafunga Zambia 1-0.

Wengi walisema ni pesa zilizocheza. Basi ikaja robo fainali dhidi ya Madagascar. Safari hii waliahidiwa pesa na nyumba juu yake. Mechi iliisha 1-1, na Stars wakaondolewa kwa mikwaju ya penalti. Ahadi ilikuwa nono, lakini haikumsaidia mpigaji kulenga wavu. Donge likiwepo, mchezaji hulala bila wasiwasi na kuja uwanjani akiwa na moyo mkunjufu. Ustadi wenyewe hutoka kwingine.

Hutoka wapi? Mtazame Victor Wanyama. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 2010. Novemba 2012 Victor aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona, na mwaka uliofuata Southampton ikamnunua kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Pauni hizo zilikuja mwisho wa safari. Hakuna mtoto anayeanza kupiga mpira wa makaratasi kwenye vumbi la Kitengela kwa sababu ya mshahara. Angekuwa anatafuta pesa, angechagua njia fupi zaidi.

Mzazi, uliza maswali haya

Basi yule mwana wa kidato cha tatu umwambie nini? Usimkataze mpira, wala usimruhusu kuacha masomo kwa ahadi ya mdomo. Timu ikimtaka, mwulize anayemchukua: mkataba uko wapi? Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba ulioandikwa na anayelipwa zaidi ya gharama za kucheza kwake. Aliye chini ya miaka 18 hafai kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu, na isipokuwa kwa sababu maalumu chache, haruhusiwi kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine. Ajenti akikuambia atampeleka Ulaya kijana wa miaka 15 ukimpa pesa za pasipoti na viza, funga mlango.

Jua pia kwamba klabu ikikosa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, anaweza kuipa notisi ya siku 15, na isipolipa deni, akavunja mkataba. Nazo timu ndogo za mtaani zihifadhi rekodi za usajili. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine akiwa bado na mkataba, hadi asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Daftari lililotunzwa vizuri Kajiado laweza siku moja kununua mipira na nyavu.

Mwisho, mkumbushe kijana kwamba wachezaji wengi huangika daluga kabla ya kutimiza miaka 40, na wengine goti huwasimamisha mapema zaidi. Cheti cha shule hakiumii goti.

Wahenga walishakata kesi hii zamani waliposema, mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema acheze bure kwa kuwa anaupenda mchezo, wala hawakusema atunzwe kabla hajacheza. Kwa hivyo, msomaji, mtu akikuambia kwamba wachezaji wa siku hizi wanapenda pesa mno, mwulize kwanza ni miezi mingapi yeye mwenyewe angeenda kazini bila mshahara. Na akiwa ni mwenyekiti wa klabu, mwulize wachezaji wake wanamdai kiasi gani.