Uji, Chai Inayofichwa Jua

Kusini mwa Kyoto, mwendo usiofika nusu saa kwa treni, uko mji wa Uji, na chai yake hulelewa kivulini. Machipukizi yakianza kutoka, wakulima huyafunika mashamba, zamani kwa matete na majani makavu ya mpunga, siku hizi zaidi kwa vitambaa vyeusi. Baada ya wiki tatu hivi za kunyimwa jua, jani huwa kijani kibichi zaidi na ukali wake hupungua. Likishachumwa hupikwa kwa mvuke, hukaushwa bila kusokotwa, kisha husagwa kwa jiwe. Unga huo ndio matcha.

Kabla ya kunywa matcha, mgeni hula kitu kitamu. Bakuli hulipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kidogo ili asinywee upande wake wa mbele, ulio mzuri kuliko zote. Sukari haitiwi. Aliyezoea vijiko vitatu na ajikaze, utamu wake huja baadaye.

Kwenye ncha ya Daraja la Uji lipo duka la chai la Tsuen, lililoanza mwaka 1160. Daraja lenyewe linatajwa tangu mwaka 646, ingawa limejengwa upya mara nyingi. Pembeni mwake pametokeza kijibaraza, na husimuliwa kwamba mtawala Toyotomi Hideyoshi aliagiza maji ya chai yake yatekwe hapo. Kila Oktoba, kwenye sherehe ya chai, maji huchotwa papo hapo.

Lakini mto unaopita chini ya daraja hilo una sifa nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 11, Murasaki Shikibu, bibi wa kasri la Kyoto, aliandika Genji Monogatari, kitabu cha sura 54, na zile kumi za mwisho akazipeleka Uji. Wakubwa wa wakati ule walikuwa na nyumba za mapumziko huku. Mojawapo Fujiwara no Yorimichi aliigeuza hekalu, Byodoin, mwaka 1052, na jumba lake liko kwenye sarafu ya yeni 10. Murasaki hakuona mapumziko. Aliona ukungu, kishindo cha maji, na mabinti wa mwanamfalme waliosahauliwa na mji mkuu. Mmoja wa wanawake wa kitabu hicho, Ukifune, anayegombewa na wanaume wawili, anaamua kujitosa mtoni.

Wageni wengi huishia Byodoin na aiskrimu ya matcha. Ningewashauri wavuke daraja, wapite kwenye makumbusho ya Genji, wafike Ujigami, hekalu la Shinto ambalo jengo lake ni la karne ile ile ya 11. Huko umati hupungua.