Kwa nini tamthilia nyingi za anga za mbali hufutwa kabla hazijaisha?

Umeangalia msimu mzima, chombo cha anga kimepotea, nahodha hajulikani yupo hai au kafa. Halafu linatoka tangazo kwamba tamthilia imefutwa, hakuna mwendelezo. Mashabiki wa tamthilia za anga za mbali, roboti na safari za kurudi zamani wamezoea maumivu haya. Na mara nyingi tatizo si hadithi mbovu.

Gharama ni kubwa mno

Tamthilia ya polisi inahitaji ofisi, magari na mtaa. Terra Nova, iliyoonyeshwa na Fox ya Marekani mwaka 2011, ilihitaji dinosaria. Steven Spielberg alikuwa miongoni mwa wazalishaji wake wakuu, na ilipigwa picha kwenye misitu ya Queensland, Australia. Wanyama hao walitengenezwa kwa kiasi kikubwa kwa kompyuta. Watazamaji walikuwepo, ila si wengi kiasi cha kubeba gharama hiyo. Mwaka 2012 ikafutwa baada ya sehemu 13 tu.

Kituo kinaiharibu chenyewe

Firefly ilianza Fox Septemba 2002, Ijumaa usiku, wakati watu wengi wametoka kwenda kustarehe. Sehemu ya kwanza, inayoeleza wahusika ni nani na dunia yao ikoje, ilirushwa mwishoni kabisa, Desemba 20. Mtazamaji mpya alikuwa anaingia katikati ya hadithi bila kuelewa kitu. Hadithi za polisi au hospitali zinavumilia kuvurugwa hivyo kwa sababu watu wanaijua dunia yake. Dunia ya kubuni haivumilii. Kati ya sehemu 14 zilizotengenezwa, 11 tu ndizo zilizorushwa kabla haijafutwa.

Siri nyingi, majibu machache

Mwaka 2009 ABC ilileta FlashForward: dunia nzima inazimia kwa dakika 2 na sekunde 17, na kila mtu anaona maisha yake ya miezi 6 mbele. Wazo kali! Ila maswali yalizidi majibu, kisha tamthilia ikasimama kwa zaidi ya miezi 3 katikati ya msimu. Iliporudi, wengi walishahama. Iliishia msimu mmoja.

Hesabu za mtandaoni

Netflix ilitoa 1899 Novemba 2022, kazi ya walioandaa Dark. Watengenezaji walipanga misimu mitatu, lakini Januari 2023 ikafutwa na fumbo likabaki hewani. Mwezi huohuo bosi wa Netflix, Ted Sarandos, alitetea maamuzi ya kampuni akieleza kwamba baadhi ya tamthilia hutumia bajeti kubwa kuongea na watu wachache.

Hapa ndipo penye mtego. Mashabiki walioumizwa wanasema, "Nitaanza ikishaisha." Wakisubiri wengi, namba za wiki za mwanzo zinashuka. Namba zikishuka, tamthilia inafutwa. Woga wa kuachwa njiani unasaidia kuiua.

Je, kufutwa ndiyo mwisho?

Si lazima. Star Trek ilifutwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79, huku msimu wake wa mwisho ukiwa umesukumwa hadi Ijumaa saa 4 usiku. Marudio kwenye vituo vingine yakaifanya maarufu kuliko mwanzo, na mwaka 1979 ikapata filamu. The Expanse nayo iliachwa na Syfy mwaka 2018. Mashabiki wakachanga pesa, ndege ikaruka na bango juu ya ofisi za Amazon, na kampuni hiyo ikaichukua kwa misimu mitatu zaidi.

Kwa hiyo kama kuna tamthilia mpya unayoipenda, iangalie mapema na uimalize. Kwenye biashara hii, wanaokuja kuisifia baadaye mara nyingi wanakuta imeshazikwa.