Ngazija Haina Mto: Maji, Mlima na Msafiri wa Komoro

Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Kila anayekwenda Komoro anapaswa kulijua hilo kabla hajauliza bei ya hoteli, kwa sababu ndilo litakaloamua atakunywa nini, ataugua nini, ataogelea wapi na atabeba nini mgongoni akipanda mlimani.

Mvua yenyewe ni nyingi. Moroni hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, kiasi kinachozidi mara mbili mvua ya Dar es Salaam. Siri iko kwenye mwamba. Visiwa vya Komoro vimejengwa na volkeno. Maore ndicho kikongwe, Ngazija ndicho kichanga kuliko vyote, nacho bado kinajengwa. Karthala, mlima wa mita 2,361 unaotawala upande wa kusini wa kisiwa, ulilipuka mara nne kati ya Aprili 2005 na Januari 2007. Lava ambayo haijakaa muda mrefu tangu ipoe imejaa nyufa, mapango na vitundu vilivyoachwa na gesi. Tone la mvua likianguka, linazama papo hapo. Mwamba mkongwe una tabia nyingine: jua na mvua huula taratibu ukageuka udongo wa mfinyanzi, udongo ukaziba nyufa, maji yakabaki juu na kujitafutia bonde. Ndiyo maana Nzwani na Mwali, vyenye umri mkubwa kuliko Ngazija, vina mito na maporomoko. Nzwani, kwa masikitiko, inaipoteza mito yake: misitu ya miteremkoni imekatwa kwa ajili ya mashamba, na mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa huamka wakati wa mvua tu.

Maji yanayozama Ngazija yako chini, lakini si peke yake. Bahari nayo hupenya ndani ya mwamba kutoka kila upande, na maji matamu, kwa wepesi wake, hukaa juu ya maji ya chumvi mfano wa samli juu ya mchuzi. Lita ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Ya bahari huzidi kwa gramu 25 hivi. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg waliifikia kanuni hii kila mmoja kivyake, karne ya 19 ikielekea kwisha na ya 20 ikianza. Uzuri wa kanuni ndio pia hatari yake. Pampu ikivuta kwa pupa na kuyashusha maji ya kisima kwa mita moja, mpaka wa chumvi huko chini unaweza kupanda mita 40. Karibu na pwani, ambako tabaka la maji matamu ni jembamba na mwamba unavuja, kisima hupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, na ladha yake hubadilika.

Kwa hiyo ukifungua bomba la nyumba ya wageni ukakuta maji yana chumvichumvi, usimlaumu mwenye nyumba. Kuyachemsha kutaua vijidudu, lakini chumvi itabaki palepale. Kwa kweli itazidi, maana unachopoteza ni mvuke. Mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu atenge fedha za maji ya chupa tangu anapopanga safari.

Watu wa Ngazija wamelitatua tatizo hili kwa kukinga mvua. Nyumba nyingi zina birika la saruji linalolishwa na paa, na birika hilo ndilo mto wa familia. Ukarimu wa Komoro ni mkubwa. Mgeni atapewa maji ya kuoga kabla ya mwenyeji kujiwekea yake. Naomba mgeni alijue hilo. Septemba na Oktoba, mwisho wa kiangazi, maji ya birika huwa karibu na sakafu na familia nyingine hununua maji yaliyoletwa na gari. Oga kwa ndoo na kopo hata kama bafu lina bomba la mvua.

Mwezi Novemba 2005 ndipo udhaifu wa birika ulipoonekana wazi. Karthala ulirusha majivu juu ya vijiji, majivu yakatua juu ya mapaa, na mapaa yakayapeleka moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Watu zaidi ya laki moja waliathirika. Majivu ya volkeno hubeba asidi na chumvi za florini, na hizo hazitoki kwa kuchemsha wala kwa kuchuja na kitambaa. Moroni kuna kituo cha kuuchunguza mlima, kilichoanzishwa mwaka 1988, kinachofuatilia mitetemeko ya Karthala. Kikitoa tahadhari ukiwa kisiwani, jambo la kwanza ni kuhakikisha bomba linaloshuka kutoka paani limetenganishwa na birika, na la pili ni kuwa na barakoa na maji yaliyofungwa ya siku tatu.

Siku ambazo mlima umetulia, adui ni vijidudu. Februari 2024 Komoro ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, uliohusishwa na mashua iliyowasili kutoka Tanzania. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa sisi wa Bara, Zanzibar na Mombasa tumezoea kufikiri kuhusu magonjwa tutakayoyakuta ugenini na kuyasahau tunayoyapeleka. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au tumia vidonge vya klorini na ungoje nusu saa. Mwenye kuharisha aahirishe safari.

Malaria inalionyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Mbu anayeeneza malaria huhitaji maji yaliyotuama, na Ngazija, kisiwa kisicho na mito wala madimbwi ya kudumu, ingekuwa mahali pagumu kwake. Lakini birika lisilofunikwa na hodhi la kutawadhia msikitini vilimpa makao. Ndiyo sababu wataalamu wamewahi kujaribu kuweka humo samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Kisha ikaja kampeni kubwa kwa ushirikiano na wataalamu wa China: wakazi wote wa kisiwa, wagonjwa kwa wazima, walipewa dawa mseto zenye artemisini ili vimelea viondolewe kwenye damu ya jamii nzima kwa pamoja. Mwali ilianza mwaka 2007, Nzwani ikafuata 2012, Ngazija 2013. Mwali na Nzwani visa vilishuka hadi karibu na sifuri. Ngazija, yenye watu wengi na wageni wengi, ugonjwa ulipungua sana kisha ukaanza kurudi.

Msafiri ajifunze mambo mawili hapa. Aliyekulia Nairobi au Arusha mjini hana kinga ya malaria hata kama ni Mwafrika kindakindaki. Anahitaji dawa ya kuzuia, chandarua na dawa ya kujipaka, sawasawa na Mzungu. Na aliyekulia Kigoma, Mtwara au Kilifi anaweza kuwa na vimelea mwilini bila homa wala kichwa kuuma. Akifika Mwali, mbu akamuuma kisha akamuuma mtoto wa kijiji ambacho kimekaa miaka bila malaria, mtoto huyo atakutana na ugonjwa ambao mwili wake haujaufahamu. Pima damu kabla ya kuvuka kwenda Mwali au Nzwani. Ni kipimo cha dakika kumi na tano, na sioni ushauri mwingine katika makala haya unaoweza kuokoa maisha kwa gharama ndogo hivyo.

Wengi hutamani kuupanda Karthala, na wana haki. Kasoko yake, yenye upana wa kilomita tatu hadi nne, ni miongoni mwa kubwa kabisa kwa volkeno hai. Safari ya siku mbili ni ya wastani kwa mtu mwenye afya, ila mlima huu una masharti yake. Kumbuka mwamba unaovuja: njiani hakuna chemchemi wala kijito, hivyo kila tone utakalokunywa utalibeba mwenyewe au utamlipa mtu alibebe. Lita nne kwa siku kwa kila mtu si nyingi. Joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000, maana yake Moroni ikiwa na nyuzi 28, kileleni kuna kama 13, na usiku baridi huuma hasa. Jua nalo linadanganya. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia kumi hivi kila mita 1,000, na ubaridi wa upepo humfanya mtu asihisi anaungua. Ngozi nyeusi hupunguza madhara hayo bila kuyaondoa. Kofia na mikono mirefu ni kwa wote.

Liko pia la gesi. Mwaka 1903 watu 17 walikufa Karthala kwa kukosa pumzi. Kabonidioksidi, ambayo volkeno nyingi huitoa, ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hujikusanya mabondeni upepo ukikosekana. Nenda na kiongozi anayeujua mlima, usilale kwenye shimo hata kama linakukinga na upepo, na kiongozi akisema tugeuke, geuka.

Kuhusu majira, mtu wa pwani anayajua tayari, maana pepo ni zilezile. Kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, huleta ukavu na bahari yenye mawimbi makubwa, hasa Julai na Agosti. Anayekwenda kisiwa kingine kwa boti aache siku mbili za ziada katika ratiba. Kashkazi huleta mvua na joto, pamoja na hatari ya vimbunga: Kenneth kilipita karibu na Ngazija Aprili 2019, na Chido kiliivunjavunja Maore Desemba 2024. Ningekwenda Mei au Juni, mvua zimeanza kupungua na mabirika bado yamejaa. Anayewafuata nyangumi-kibyongo asogeze mbele kidogo, maana wao hufika maji ya Mwali kati ya Julai na Oktoba.

Fedha: beba euro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro kwa kiwango cha takriban 492, kwa hiyo hutapata hasara ya kubahatisha bei, lakini usitegemee kadi nje ya Moroni. Na mtu yeyote akikuahidi kukuvusha kutoka Nzwani kwenda Maore kwa mashua ndogo za kwasakwasa, kataa. Ni kilomita 70 tu, lakini tangu Ufaransa, inayoitawala Maore, ilipoweka viza mwaka 1995 bahari hiyo imezika watu wengi.

Baharini, uchanga wa Ngazija hujitokeza tena. Matumbawe hayajapata muda wa kuizungushia ukuta wa kutosha, na mteremko wa mlima huendelea chini ya maji kwa ukali uleule, hivyo mahali pengi kilindi kiko hatua chache kutoka ufukweni. Kwa kuogelea, tafuta fukwe za mchanga mweupe za kaskazini, kama Mitsamihuli, na uwaulize wavuvi kuhusu mkondo. Kilindi hichohicho ndicho kilichomhifadhi gombesa, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke akawapiga picha wakiwa hai pwani ya Ngazija kwa chombo cha kupiga mbizi. Mchana hujificha katika mapango ya lava, kina cha mita 200 hivi, usiku hutoka kuwinda. Tanga nako wamewahi kuvuliwa. Mgeni hatamwona kwa miwani ya kuogelea, na asimnunue akiuziwa.

Atakachoweza kukiona ni kasa. Itsamia, Mwali, kasa wa kijani hupanda ufukweni usiku kutaga. Zima tochi na simu, maana vifaranga hutafuta bahari kwa kufuata mwanga wa upeo, na taa moja huwapotosha kuelekea nchi kavu ambako hukauka na kufa. Nyama ya kasa usiile kokote utakakopewa, iwe Komoro au nyumbani. Mara nyingine huwa na sumu ambayo moto haiiharibu, na hakuna dalili ya kuitambua kwa macho wala ulimi. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, nyama hiyo iliua watu tisa, wanane kati yao watoto. Dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Daktari humhudumia mgonjwa kwa dalili anazoziona.