Binti Anataka Kusoma Fizikia Ng'ambo: Je, Tuuze Ng'ombe?

Jumamosi moja, baada ya kumtembelea mgonjwa, sisi akina mama wa kanisani hapa Bariadi tulibaki tumeketi chini ya mwembe. Mwenzetu mmoja alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Tulipomdadisi, alitueleza kwamba binti yake amemaliza shahada ya kwanza ya fizikia na sasa anataka kuendelea na masomo nje ya nchi. Mtu fulani amewapigia simu akidai shilingi milioni mbili ili "amtafutie nafasi". Baba ameshachagua ng'ombe wa kupeleka mnadani. Shangazi naye anasema heri binti aolewe, ng'ombe waingie badala ya kutoka.

"Jamani, wenzangu," alituuliza, "ninyi mngefanyaje?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliahidi kuulizia, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Fizikia ina faida gani?

Hilo ndilo swali la shangazi, na sisi tulio wauguzi tunalo jibu. Mama wa Simiyu anapogundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, akatibiwe kwa mionzi. Huko humwona daktari na muuguzi. Lakini nyuma yao yupo mtu anayepima mashine na kukokotoa kiasi cha mionzi. Ikiwa kidogo mno, ugonjwa hurudi. Ikizidi, kibofu na utumbo huumia. Mtu huyo ni mtaalamu wa fizikia ya tiba. Binti wa mwenzetu anaweza kuwa yeye.

Milango iliyo wazi

Mjini Trieste, Italia, kipo kituo cha kimataifa cha fizikia kinachoitwa ICTP. Kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani. Baada ya kusoma Uingereza, Salam alirudi kufundisha kwao Lahore mwaka 1951, lakini akajikuta peke yake, hana wenzake wa kushauriana nao. Mwaka 1954 ilimbidi aondoke tena. Ndipo akataka pawepo mahali ambapo wasomi wa nchi maskini wangejifunza bila kulazimika kuzihama nchi zao moja kwa moja. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Tangu mwaka 1991 kituo hicho kina stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Anayechaguliwa halipi ada. Hupewa nauli na fedha za kujikimu. Wengi huitumia kama daraja la kufikia shahada ya uzamivu.

Kituo hicho pamoja na Chuo Kikuu cha Trieste hutoa pia shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba. Ni miaka miwili: wa kwanza darasani, wa pili hospitalini. Si wote wanaofadhiliwa, hivyo ni lazima kuulizia mapema.

Anayeogopa umbali asikate tamaa. Mwaka 2018 lilifunguliwa tawi la Afrika Mashariki mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, lenye masomo ya uzamili na uzamivu wa fizikia. Kutoka kwetu mtu hupita Mwanza, akavuka mpaka Rusumo kwa basi.

Kwa mabinti peke yao, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha ufadhili mwaka 2020 kwa wanaosoma shahada ya uzamili katika fani za nyuklia, fizikia ya tiba ikiwemo. Hutoa hadi yuro 10,000 za ada na yuro 10,000 za kujikimu kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka miwili.

Ufadhili huo umepewa jina la Marie Curie. Huyu alizaliwa Poland, mahali ambapo wakati ule chuo kikuu hakikupokea wanawake. Alifanya kazi ya kufundisha watoto majumbani ili dada yake asome udaktari Paris, kisha mwaka 1891 naye akaenda. Aliolewa mwaka 1895, akazaa mabinti wawili, akapata Nobel mwaka 1903 na tena mwaka 1911. Shangazi tulimsimulia hayo. Alicheka, akasema, "Kumbe aliolewa!"

Kazi yetu akina mama

1. Tuhakikishe jina la kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana na la vyeti vya shule. Kama yanatofautiana, tusahihishe sasa, si wiki ya safari.

2. Hati ya kusafiria iombwe mapema.

3. Binti awaombe walimu wake wa chuo barua za kumtambulisha wangali wanamkumbuka.

4. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Binti asome masharti kwa chuo chenyewe, na maombi ayapeleke mwenyewe.

5. Anayepiga simu akidai fedha ili "akupatie nafasi" asipewe hata senti. Nafasi hizi haziuzwi.

Je, atarudi?

Hili ndilo lililomkosesha mwenzetu usingizi, naye alilisema mwishoni kabisa, kwa sauti ndogo. Hatukumdanganya. Wengine hurudi, wengine hubaki huko. Lakini tulimwambia kwamba binti aliyesindikizwa kwa baraka anajua njia ya nyumbani kuliko yule aliyeondoka kwa ugomvi. Basi mzazi na binti waketi, wazungumze kazi atakayoifanya akirudi, na hospitali zinazomhitaji.

Mtu wa simu hakulipwa. Binti amepeleka maombi yake Trieste na Kigali, na majibu bado. Akikosa mwaka huu, ataomba tena mwakani. Ng'ombe wa baba yake wangali zizini.